Soma chini ya mitutu: historia iliyogongwa kwenye bunduki kuukuu ya Kifaransa

Wasomaji wa blogu hii mmezoea kukuta humu habari za programu, hifadhidata na namna ya kufufua tarakilishi zilizochoka. Leo tunahama kidogo, ingawa hatuendi mbali. Nataka tuangalie chombo kilichotengenezwa kabla ya tarakilishi, lakini kinachobeba kumbukumbu zake mwilini kama logi ya seva: bunduki ya mitutu miwili iliyoundwa Ufaransa, tuseme kati ya mwaka 1890 na 1960, ambayo leo inauzwa mkono wa pili au wa tano.

Tuelewane kwanza ni bunduki gani. Siyo ile ya kijeshi inayotoa risasi moja moja. Ni bunduki ya marisawa, zile punje ndogo za madini ya risasi zinazotawanyika hewani kumfuata ndege. Wengi huiita shotigani.

Sasa fikiria mnunuzi ameishika mkononi. Mbao zinang'aa, nakshi ni nzuri, na muuzaji anaapa kwamba babu yake aliitumia miaka 40 bila tatizo. Je, ainunue? Swali hili linaonekana la soko, kumbe ni la historia. Ndani ya mtutu, baruti ikiwaka, shinikizo hupanda hadi mamia ya baa kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu. Risasi ya kawaida ya kisasa ya kaliba 12 inaruhusiwa kufikia baa 740, yaani zaidi ya mara 300 ya tairi, na yote hayo yanatokea sentimita chache kutoka vidole vya mkono na si mbali na uso. Mtutu ukishindwa, hautoi ujumbe wa kosa kwanza.

Hoja yangu ni moja: usisikilize anayesema muuzaji kabla hujasoma kilichogongwa chini ya mitutu. Pale kuna ushahidi wa mtu ambaye hakuwa na faida yoyote katika mauzo. Lakini ili usome, lazima ujue uliandikwa vipi na kwa nini.

Mji wa makaa na chuma

Bunduki nyingi za Kifaransa za aina hii zilizaliwa Saint-Étienne, mji wa mkoa wa Loire, si mbali na Lyon. Mji ule ulikuwa na makaa ya mawe ya kuchoma chuma, na mto Furan wa kuzungusha magurudumu ya viwanda. Mwaka 1764 kiwanda cha kifalme cha silaha kilianzishwa pale. Pembeni yake kulikuwa na mamia ya mafundi wadogo: huyu anatengeneza mitutu tu, yule mitambo ya kufyatulia, mwingine anachonga vitako, mwingine anatia nakshi. Jina lililoandikwa juu ya bunduki mara nyingi lilikuwa la muuza duka aliyeagiza kazi, siyo la fundi aliyeifanya.

Ndiyo maana jina la juu halitoshi. Ni kama programu yenye nembo ya kampuni moja lakini maktaba zake zote zimeandikwa na watu wengine. Fundi wa mitutu mara nyingi aliweka jina lake mahali pasipoonekana, chini, kwenye chuma chenyewe. Ukikuta huko Léopold Bernard wa Paris au Jean Breuil wa Saint-Étienne, umepata habari muhimu kuliko maandishi ya dhahabu yaliyo juu.

Kutoka mdomoni hadi nyuma

Kwa karne nyingi bunduki ilipakiwa kupitia mdomo wa mtutu, kama magobori ambayo watu wa huku kwetu wanayajua. Unamimina baruti, unashindilia, unaweka marisawa, unashindilia tena. Wafaransa ndio walioongoza safari ya kuhamia nyuma. Mwaka 1812 Jean Samuel Pauly, Mswisi aliyefanya kazi Paris, alipata hataza ya bunduki inayopakiwa nyuma kwa risasi iliyokamilika ndani ya ganda lake. Katika miaka ya 1830 Casimir Lefaucheux, naye wa Paris, alileta bunduki inayovunjika katikati kwenye bawaba, mitutu ikainama mbele, ukaingiza risasi kwa nyuma. Risasi zake zilikuwa na kipini kidogo kilichochomoza ubavuni. Nyundo ilipogonga kipini, fataki iliyo ndani iliwaka.

Mwaka 1851 bunduki ya Lefaucheux ilionyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London. Waingereza waliitazama, wengi wakaibeza, wachache wakaiiga. Kutoka hapo bunduki ya kuvunjika ikawa umbo la kawaida duniani. Mwaka 1855 Clément Pottet, Mfaransa mwingine, alipata hataza ya risasi yenye fataki katikati ya kitako cha ganda, na huo ndio ukoo wa risasi tunazoziona leo.

Kwa mnunuzi, historia hii ina kazi ya moja kwa moja. Fungua bunduki utazame mwisho wa mitutu kwa juu. Ukiona kijitundu au mfuo mdogo juu ya kila mtutu, hiyo ni ya kipini. Ni kitu cha kuweka ukutani na kupenda, siyo cha kwenda nacho shambani. Ikiwa ni ya fataki ya katikati, endelea kusoma.

Nani anathibitisha?

Tangu zamani kulikuwa na tatizo ambalo sisi waandishi wa programu tunalijua vizuri: anayetengeneza ndiye anayesema kwamba kazi yake ni salama. Miji ya silaha ililitatua kwa kuanzisha nyumba za majaribio. London ilikuwa na chama cha mafundi wa bunduki chenye hati ya kifalme tangu 1637. Liège, Ubelgiji, ilianza majaribio yake mwaka 1672. Birmingham ilipata nyumba yake mwaka 1813.

Utaratibu ni rahisi. Mtutu unapakiwa kwa makusudi kiasi kinachozidi matumizi ya kawaida. Unafungiwa ndani ya chumba, unafyatuliwa kwa mbali. Ukipasuka, umepasuka pale, si usoni mwa mtu. Usipopasuka, mkaguzi anaupima, anautazama ndani, halafu anagonga muhuri. Muhuri huo hausemi bunduki ni nzuri au mbaya kwa sura. Unasema: siku ile, kwa mzigo ule, ilistahimili.

Nchini Ufaransa amri ya mwaka 1810, enzi za Napoleon, ililazimisha silaha za biashara zijaribiwe. Kisha ukaja mwaka ambao mnunuzi wa leo anapaswa kuukariri: 1885. Sheria ya tarehe 14 Agosti 1885 ililegeza utengenezaji na biashara ya silaha, na majaribio yakawa ya hiari. Mwaka huohuo Étienne Mimard na Pierre Blachon walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Manufrance, kiwanda kilichouza bunduki, baiskeli na karibu kila kitu kwa katalogi na posta, miaka mingi kabla ya yeyote kufikiria duka la mtandaoni. Gazeti lao, Le Chasseur Français, nalo lilianza 1885.

Hali ya hiari ilidumu hadi 1960, majaribio yalipofanywa ya lazima tena. Kwa hiyo kuna dirisha la miaka 75 ambamo bunduki ya Kifaransa ingeweza kuuzwa kihalali bila muhuri wowote. Mtu anayejua hili hafanyi kosa la kusema "haina muhuri, basi ni ya magendo". Lakini hasemi pia "haidhuru". Kutokuwa na muhuri kunamaanisha kwamba hakuna shahidi. Na hapa pana jambo la kufikirisha: ingawa sheria haikuwalazimisha, watengenezaji wengi wenye jina waliendelea kupeleka mitutu yao ijaribiwe, kwa gharama yao. Walijua mteja anayesoma katalogi akiwa mbali hawezi kushika bunduki kabla ya kulipa. Muhuri wa mtu wa tatu ulisimama badala ya mkono wake.

Baruti iliyobadilisha kila kitu

Katika dirisha hilohilo la hiari kulitokea mabadiliko makubwa kuliko yote. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille aliunda baruti isiyo na moshi. Jeshi la Ufaransa liliichukua haraka, na bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ikajengwa kuizunguka. Muda si mrefu baruti za namna hiyo zikaingia kwenye uwindaji.

Baruti nyeusi ya zamani ni mvumilivu. Inatoa moshi mwingi, inachafua mtutu, lakini haitofautiani sana tabia kutoka shindilio hadi shindilio. Baruti isiyo na moshi ina tabia nyingine: kadiri shinikizo linavyopanda, nayo inawaka kwa kasi zaidi. Kipimo kidogo tu kikizidi, au nafasi ikibanwa kidogo tu, matokeo hayaongezeki kwa mstari ulionyooka. Yanaruka.

Bunduki iliyoundwa kwa baruti nyeusi haikuahidi chochote kuhusu mgeni huyu. Kwa hiyo nyumba za majaribio zilianza kujaribu kwa baruti mpya na kuandika ni baruti gani iliyotumika. Ufaransa hapo ilikuwa na jambo la pekee: utengenezaji wa baruti ulikuwa mali ya serikali peke yake hadi miaka ya 1970. Mwindaji alinunua baruti ya serikali, zenye majina ya herufi kama J, M, S na baadaye T. Muhuri ungeweza kutaja herufi ya baruti, na kila mtu nchini akajua ni kitu gani hasa.

Ndipo zinapotoka herufi mbili ambazo mnunuzi anazitafuta kwanza: PT. Zinasimama kwa Poudre T, na kwenye mitutu ya Saint-Étienne utazikuta pamoja na taji na jina la mji. PT inamaanisha mtutu huu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki yenye jina la mji na taji lakini bila herufi za baruti mpya, ihesabu kuwa ya baruti nyeusi hadi nyumba ya majaribio ikuambie vingine.

Ona pia mtego uliojificha. PT ilikuwa ahadi kati ya mtutu wa Kifaransa na baruti ya Kifaransa ya wakati ule, kama programu iliyojaribiwa na toleo moja tu la maktaba. Leo hakuna anayeuza risasi za Poudre T dukani. Risasi unazopata zimetengenezwa kufuata viwango vya CIP, tume ya kimataifa iliyoanzia Brussels mwaka 1914. Viwango hivyo vinataka bunduki ya kawaida ya kaliba 12 ijaribiwe kwa baa 930 ili itumie risasi za hadi 740, na kuna risasi nyingine kali zaidi, za hadi baa 1050, zinazohitaji jaribio la juu. Bunduki ya 1925 yenye PT ni ya heshima, lakini haikujaribiwa kwa hizo kali.

Milimita tano

Sasa tunafika kwenye kosa ambalo ni rahisi kulifanya hata kwa mtu makini.

Nyuma ya kila mtutu kuna chemba, sehemu pana kidogo inayopokea risasi. Bunduki za Kifaransa za zamani, hasa za kaliba 16 ambayo Wafaransa waliipenda sana, mara nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Mnunuzi anachukua risasi ya 70, anaiingiza ndani ya chemba ya 65, inaingia vizuri kabisa. Bunduki inafungika. Anahitimisha kwamba inafaa.

Haifai. Ile 70 ni urefu wa ganda likiwa limefunguka, yaani baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wa ganda umekunjwa ndani kuzuia marisawa, hivyo risasi nzima ni fupi kuliko chemba. Inapofyatuliwa, mikunjo inafunguka mbele, na sasa haina nafasi. Inaingia kwenye koo la mtutu, mahali ambapo kipenyo kinaanza kupungua, na marisawa yanalazimika kupenya katika njia iliyobanwa. Shinikizo linapanda. Kumbuka tabia ya baruti isiyo na moshi tuliyoisema.

Kwa lugha yetu, ukaguzi unafanyika wakati data imefinywa, lakini bafa inajaa wakati inafumuliwa. Kila mmoja wetu ameona mdudu wa namna hii. Tofauti ni kwamba huu hauangushi seva tu.

Chini ya mitutu huenda ukaona 65 au 70 imegongwa. Usipoona, chemba inapimwa kwa kipimo maalumu ambacho fundi yeyote wa bunduki anacho. Chemba ya 65 siyo kasoro: risasi za maganda ya milimita 65 na 67.5 kwa ajili ya chemba hizo bado zinatengenezwa Ulaya. Kasoro ni kutojua.

Muhuri ni wa siku ile

Hapa ndipo kazi halisi ya kutathmini inapoanza. Muhuri ulisema kweli mwaka 1930. Tangu hapo bunduki imepita mikononi mwa watu, na watu hawaachi vitu vilivyo.

Fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unazaa kutu, kutu inachimba vishimo. Mwenye bunduki anaona vishimo, anaipeleka kwa fundi, fundi anakwangua ndani mpaka mtutu unang'aa kama kioo. Mnunuzi anachungulia, anaona kioo, anafurahi. Kumbe chuma kimepungua.

Dawa yake imeandikwa palepale chini. Mitutu mingi ya Kifaransa imegongwa kipenyo chake cha ndani kwa milimita, mathalani 18.3 kwa kaliba 12 au 16.9 kwa kaliba 16. (Kaliba, kwa asiyejua, ni idadi ya mipira ya risasi yenye upana wa mtutu inayofikisha ratili moja. Mipira 16 kwa ratili inatoa kipenyo cha kama milimita 16.8. Chukua uzito wa madini ya risasi, ujazo wa mpira, na kikokotoo, utapata mwenyewe.) Pima kipenyo cha leo, linganisha na kilichogongwa. Palipoandikwa 18.3 ukapima 18.3, umepata mtutu ambao haukuguswa. Ukipima 18.7, kuna mtu amepita humo na kuondoa chuma baada ya jaribio, na muhuri unazungumzia mtutu ambao haupo tena.

Hii ndiyo namba ya kuhakiki faili tunayoitumia kila tunapopakua kitu mtandaoni. Mtengenezaji alitoa namba, wewe unakokotoa yako, mkilingana faili haijaguswa. Wahunzi wa Saint-Étienne walifanya hivyo kwa nyundo.

Linganisha na chemba vilevile. Imeandikwa 65 lakini inapimwa 70? Mtu ameirefusha ili ipokee risasi za leo, na kwa kufanya hivyo amepunguza unene mahali ambapo shinikizo bado ni kubwa. Chemba mpya haikujaribiwa na yeyote, labda uone muhuri mpya wa jaribio la pili.

Kipimo cha tatu ni unene wa ukuta wa mtutu, hasa katikati, ambapo mitutu ya Kifaransa huwa myembamba kwa sababu wawindaji wa kule walipenda bunduki nyepesi ya kutembea nayo siku nzima. Mtutu wenye kipenyo sawasawa ndani unaweza kuwa ulisuguliwa nje kuondoa kutu au kubonyea. Kipimo cha ndani peke yake hakitakuambia hilo.

Macho, mkono na sikio

Baada ya namba, viungo vya mwili. Ondoa kipande cha mbao cha mbele kinachoshikwa na mkono wa kushoto, halafu funga bunduki na uitikise taratibu. Kipande kile kina springi inayoweza kuficha ulegevu, ndiyo maana kinatolewa kwanza. Bunduki iliyofungwa haitakiwi kucheza kwenye bawaba, wala mwanga haupaswi kupita kati ya mitutu na uso wa chuma ulio nyuma yake. Mwanga ukipita, bunduki imechakaa palipo muhimu. Hurekebishika, lakini gharama yake iingie kwenye bei.

Kuna tofauti moja ya kujua. Bunduki za Darne, za Saint-Étienne pia, hazivunjiki kabisa. Mitutu haisogei, na sehemu ya nyuma ndiyo inayoteleza kurudi kwa wenzo, mfumo ambao Régis Darne aliujenga katika miaka ya 1890. Hapo bawaba haipo, hivyo unatazama jinsi kile kipande kinavyojifunga na kukaza.

Kisha toa mitutu, ining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake, uigonge kwa kijiti. Ikilia kama kengele, utepe wa chuma unaounganisha mitutu umeshika vizuri. Ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, kuna mahali palehemu imeachia, na huenda unyevu umekuwa ukikaa humo kwa miongo.

Tazama pia kama uso wa mitutu una mawimbi au michirizi kama ya mbao. Huo ni mtutu wa kusokotwa: vipande vya chuma laini na chuma cha pua vilivyozungushwa na kufuliwa pamoja. Mitutu mingi ya namna hiyo duniani ilitoka karibu na Liège. Ni mizuri kupita kiasi, na mingine ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Lakini viungo vyake ni vingi, na kutu inaweza kutembea ndani ya viungo bila kuonekana. Bila muhuri na bila vipimo, iache ukutani.

Mwisho, kitako. Tafuta nyufa pale mbao inapokutana na chuma, na ukibonyeza mbao ikatoa mafuta, jua imelowa na kulegea.

Ufaransa au jina la Ufaransa?

Nilisema jina la juu halitoshi. Bunduki nyingi za bei nafuu zilizo na maneno ya Kifaransa zilitoka Ubelgiji. Geuza mitutu: ukiona umbo la yai lenye herufi ELG na nyota, hiyo ni Liège. Si aibu, Liège ilifanya kazi bora kabisa, lakini bei ya hadithi ya Saint-Étienne usiilipe.

Kwa upande mwingine, usidharau bunduki isiyo na mapambo. Manufrance ilitengeneza Idéal kwa wenye fedha, na kuanzia 1913 ikauza Robust kwa wakulima na watu wa kawaida. Robust ni kama jina lake. Nyingine zina mkanda wa begani unaojivuta na kuingia ndani ya kitako, ufundi ambao bado unawachekesha watu kwa furaha. Kampuni ilianguka katikati ya miaka ya 1980, lakini Robust zake bado ziko mikononi mwa wawindaji. Robust yenye PT, kipenyo kilekile na chemba ileile, kwangu ina thamani kuliko bunduki ya nakshi iliyokwanguliwa.

Sheria na maji ya leo

Sheria ya Ufaransa inachora mstari tarehe 1 Januari 1900: silaha za modeli ya kabla ya hapo kwa kawaida zinahesabiwa kuwa za kihistoria. Usichanganye mstari huo na mstari wa baruti. Sheria inauliza modeli ni ya lini. Mtutu unauliza ulijaribiwa kwa nini. Kwa bunduki za baada ya hapo, tangu 2022 wawindaji wa kule husajiliwa kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni uitwao SIA, kwa hiyo hata karatasi za muuzaji sasa zinahakikiwa. Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura 114, haimruhusu mtu kununua bunduki bila cheti kwanza. Cheti hutangulia, bunduki hufuata.

Jingine jipya ni marisawa yenyewe. Kwa sababu madini ya risasi ni sumu, Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi yake kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Marisawa ya chuma ni magumu na hayabonyei yanapopita kwenye mdomo uliobanwa wa mtutu wa zamani. Bunduki zilizojaribiwa kwa marisawa makali ya chuma hugongwa ua la yungi, lilelile la wafalme wa Ufaransa. Bunduki kuukuu haina ua hilo. Kwa hiyo mnunuzi ajiulize pia atawinda wapi.

Uamuzi

Basi mnunuzi wetu afanye nini? Aombe mitutu itolewe kabla ya bei kutajwa. Muuzaji anayekataa ameshajibu. Asome: mji gani, PT ipo au haipo, kipenyo gani, chemba gani. Apime leo, alinganishe. Vikilingana, bawaba ikiwa imekaza na mitutu ikilia vizuri, hiyo ni bunduki ambayo ushahidi wake bado unasimama, na inaweza kutumika kwa risasi za kiwango chake.

Visipolingana, njia bado ipo. Nyumba ya majaribio ya Saint-Étienne ingali inafanya kazi, na bunduki inaweza kurudishwa pale ijaribiwe upya. Mnunuzi mwenye busara anakubaliana na muuzaji kwamba malipo yatakamilika ikifaulu. Ikipasuka, itapasuka ndani ya chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo, na mikono yote na vidole vyake itakuwa nje.

Na hadithi ya babu aliyeitumia miaka 40? Inaweza kuwa kweli kabisa. Lakini babu alitumia risasi za wakati wake, katika mtutu kama ulivyokuwa wakati ule. Mnunuzi ananunua ule uliobaki.